Rangi za nyaya za redio ya gari: mweusi wa Toyota si ethi

Ukifungua dashibodi ya Toyota IST, Probox au Vitz iliyotoka Japani, nyuma ya redio utakuta soketi mbili: moja pana yenye nafasi kumi, nyingine fupi yenye nafasi sita. Kwenye ile fupi kuna waya mweusi, wa njano, mwekundu na mweupe. Mtu aliyezoea nyaya za betri atasema papo hapo kwamba mweusi ni ethi (upande hasi wa betri, uliofungwa kwenye chuma cha gari), mwekundu ni moto (upande chanya), na wa njano ni moto wa kudumu. Wote wanne ni wa spika za nyuma. Hakuna hata mmoja unaoleta umeme wa betri.

Redio nyingi mpya zinafia hapo, siku ileile zilipotoka kwenye boksi. Fundi mwenye haraka anaunganisha rangi kwa rangi, njano kwa njano, kijivu kwa kijivu, anarudisha dashibodi, na mteja anaambiwa redio ilikuwa mbovu tangu dukani. Redio ilikuwa nzima. Kampuni zinazotengeneza redio za dukani zina mpangilio wao wa rangi, na Toyota ina wake. Rangi zinafanana, kazi hazifanani.

Nimechagua Toyota za Kijapani kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu, na kwa sababu hizo ndizo zinazobadilishwa redio zaidi. Redio ya Japani inashika FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, na nyingi za miaka ya karibuni zinafika 95. Stesheni za Tanzania na Kenya zinarusha kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo nyingi hazisikiki kabisa kwenye redio ya asili. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kusogeza masafa, na kina nafuu yake kama unataka kusikiliza taarifa ya habari tu. Ila kama unataka Bluetooth, USB na kamera ya rivasi, utabadilisha redio.

Rangi za redio ya dukani

Pioneer, Kenwood, JVC, Sony na redio nyingi za Kichina zinafuata mpangilio mmoja. Tuanze na nyaya za umeme, kwa sababu hizo ndizo zinazoua.

Waya wa njano unataka moto wa kudumu, yaani umeme ulio hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Kazi yake ya kwanza ni kutunza kumbukumbu: stesheni ulizohifadhi, saa, mpangilio wa besi, simu zilizounganishwa. Kwenye redio nyingi huo wa njano ndio pia unaobeba umeme mwingi wa kuendesha amplifaya ya ndani, kwa hiyo lazima upate njia nene yenye fyuzi.

Waya mwekundu unataka moto wa ufunguo: umeme unaokuja ukizungusha ufunguo hadi ACC (hatua ya kabla ya kuwasha injini) na kukatika ukiutoa. Huu ni kama mlinzi wa geti. Kazi yake ni kuiambia redio iamke au ilale, haubebi mzigo mkubwa.

Watu huuliza kwa nini visifungwe pamoja vyote viwili, maisha yawe rahisi. Vinafungika, na redio itawaka. Ukiviunganisha kwenye moto wa ufunguo, kila ukizima gari redio inasahau kila kitu na kukuuliza lugha upya. Ukiviunganisha kwenye moto wa kudumu, redio haizimiki mpaka uizime kwa kidole, na siku utakayosahau, asubuhi utaomba majirani wakusukume. Fundi anayefanya hivi anaokoa dakika kumi zake na kukuachia kero ya miaka.

Mweusi ni ethi. Kwenye redio ya dukani mweusi ni ethi kweli, hauna utata.

Bluu na bluu yenye mstari mweupe zinachanganywa sana. Zote mbili zinatoa umeme, hazipokei. Bluu tupu ni ya antena, ama ile inayopanda kwa mota, ama kikuza mawimbi kilichofichwa kwenye kioo. Bluu yenye mstari mweupe ni ya kuiamsha amplifaya ya nje au sabufa. Umeme unaotoka hapo ni kidogo mno. Pioneer wanaandika kwenye kitabu chao kwamba usizidi mA 300. Kwa hiyo usiwashie taa za urembo wala feni kwa waya huo, na kamwe usiupelekee umeme kutoka kwenye betri ukidhani ni moto mwingine. Redio nyingi zina bluu moja tu, yenye mstari mweupe, inayofanya kazi zote mbili.

Chungwa, mara nyingine chungwa yenye mstari mweupe, inaunganishwa na taa za dashibodi ili kioo cha redio kipunguze mwanga usiku. Si ya lazima. Ila anayeendesha gari usiku kutoka Morogoro kwenda Iringa atakushukuru ukimfungia.

Kisha spika. Kuna jozi nne, na kila jozi ina waya wa rangi moja tupu ambao ni chanya, na mwenzake wa rangi ileile wenye mstari mweusi ambao ni hasi. Nyeupe ni mbele kushoto. Kijivu ni mbele kulia. Kijani ni nyuma kushoto. Zambarau ni nyuma kulia. Kushoto na kulia hapa ni kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele, si kwa anayetazama gari kutoka nje.

Redio zenye kioo cha video huongeza kijani mpauko kwa ajili ya handibreki, na zambarau yenye mstari mweupe kwa ajili ya rivasi. Kwa redio za Kichina zenye Android, soma stika iliyo juu ya boksi lake kabla ya kuamini rangi. Stika hiyo inaonyesha kila nafasi kwa herufi: B+ ni moto wa kudumu, ACC moto wa ufunguo, GND ethi, ILL taa, na FL, FR, RL, RR ni spika nne kwa mpangilio wa mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Stika na rangi zikigombana, fuata stika.

Rangi za Toyota, na zinakoenda

Kwenye Toyota nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 na 2000, na Daihatsu nyingi zinazotumia soketi hizohizo, mpangilio ni huu. Upande wa kwanza ni waya wa gari, wa pili ni waya wa redio ya dukani.

- Bluu yenye mstari wa njano, moto wa kudumu: huenda kwa njano
- Kijivu, moto wa ufunguo: huenda kwa nyekundu
- Kahawia, ethi: huenda kwa nyeusi
- Kijani, taa za dashibodi: huenda kwa chungwa
- Waridi na zambarau, spika ya mbele kushoto, chanya na hasi: huenda kwa nyeupe, na nyeupe yenye mstari mweusi
- Kijani mpauko na bluu, spika ya mbele kulia: huenda kwa kijivu, na kijivu yenye mstari mweusi
- Nyeusi na njano, spika ya nyuma kushoto: huenda kwa kijani, na kijani yenye mstari mweusi
- Nyekundu na nyeupe, spika ya nyuma kulia: huenda kwa zambarau, na zambarau yenye mstari mweusi

Tazama kijivu. Kwenye gari ni moto wa ufunguo, kwenye redio ni chanya ya spika ya mbele kulia. Ukivikutanisha, kila ukizungusha ufunguo volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa amplifaya ya ndani ya redio, mahali ambapo sauti inapaswa kutoka. Hakuna fyuzi inayosimama katikati ya redio na spika. Kosa la mweusi kwa mweusi ni la upole zaidi: redio haiwaki, au inawaka kwa kubahatisha kupitia nati za boksi lake, kwa sababu ethi yake imeishia kwenye spika.

Kwenye michoro ya Toyota rangi huandikwa kwa herufi, na inafaa kuzijua hata kama huna mchoro mzima: B nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, Y njano, L bluu, G kijani, LG kijani mpauko, GR kijivu, BR kahawia, P waridi, V zambarau, O chungwa. Herufi mbili zikitenganishwa kwa kistari, ya kwanza ni rangi ya waya, ya pili ni mstari. L-Y ni bluu yenye mstari wa njano. Wengi hukosea L, wanadhani ni kijani mpauko.

Orodha hii ni ya kuanzia kazi. Gari lililopitia mikono ya mafundi watatu linaweza kuwa na waya mwekundu uliorefushwa kwa kipande cha kijani, na kile cha kijani kikaungwa na kipande cha waya wa nyumba. Ndiyo maana kuna mita.

Vifaa

Mita ya kupimia umeme ya kawaida inatosha, ile ya bei nafuu ya kidijitali. Spana namba 10 ya kichwa cha betri, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki kigumu cha kung'olea urembo wa dashibodi, plaizi ya kuchunia waya, risasi ya kuunganishia nyaya na pasi yake, mipira ya kusinyaa kwa joto, na betri moja ndogo ya tochi ya volti 1.5. Kitu cha thamani kuliko vyote hivyo ni soketi ya kubadilishia ya Toyota, ile yenye ncha mbili za kuchomeka kwenye soketi za gari na nyaya tupu upande wa pili. Ni rahisi kwa bei, inapatikana kila mtaa wa vifaa vya magari, na inakuondolea haja ya kukata hata waya mmoja wa gari. Kama fundi anakuambia haihitajiki, mwambie aiweke hivyohivyo, unalipa wewe.

Hatua ya 1: toa betri, fungua dashibodi

Zima gari, toa ufunguo, fungua kichwa hasi cha betri. Subiri dakika chache kabla ya kugusa kitu ndani ya dashibodi, kwa sababu mfumo wa eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) hubaki na umeme kidogo baada ya betri kukatwa. Nyaya za eabegi zina rangi yake pia: soketi ya njano, au kifuko cha plastiki cha njano kilichofunika nyaya zote. Ukikutana na njano ya namna hiyo pembeni ya usukani au nyuma ya dashibodi upande wa abiria, usiipime, usiichomoe, usiiguse kwa testa ya taa. Njano hiyo haihusiani na redio hata kidogo.

Urembo unaozunguka redio kwenye Toyota hushikwa na vibanio vya plastiki. Unavuta kwa upole kuanzia pembe ya chini. Chini yake kuna nati nne za namba 10 au skrubu. Redio ya Toyota ina upana wa milimita 200, na redio za kawaida za dukani zina 178, kwa hiyo nunua mapema vipande vya kuziba pembeni au chagua redio ya upana wa Toyota. Usipofanya hivyo utabaki na mianya miwili ambayo baadaye itazibwa na karatasi.

Hatua ya 2: piga picha, kisha tazama soketi

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha kila soketi kutoka pande mbili, kwenye mwanga mzuri. Waridi na zambarau iliyopauka hufanana ukiwa unatazama kwa tochi ya simu.

Gari likiwa na redio ya ziada iliyofungwa Japani, utakuta nyaya nyingine zinazoning'inia: waya wa mwendokasi wa gari, wa handibreki, wa rivasi, nyaya nyembamba zinazopanda hadi kioo cha mbele kwa antena za televisheni, na pengine kiboksi cha kulipia barabara cha Kijapani. Hivyo vya Japani havina kazi kwetu. Vitoe au uvifunge vizuri, visiachwe na ncha wazi.

Hatua ya 3: pima nyaya za umeme

Rudisha kichwa cha betri kwa muda. Weka mita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Ncha nyeusi ya mita ibane kwenye chuma kitupu cha gari, kilichokwanguliwa rangi. Ncha nyekundu ndiyo inayotembea.

Anza ufunguo ukiwa nje. Gusa kila nafasi ya soketi pana. Moja tu ndiyo inapaswa kuonyesha volti 12.4 hadi 12.7 hivi: huo ndio moto wa kudumu, na kwa Toyota utakuwa bluu yenye mstari wa njano. Usipoupata, angalia fyuzi kabla ya kulaumu waya. Kwenye magari mengi moto huu unatoka kwenye fyuzi moja na taa ya ndani ya dari, kwa hiyo taa ya dari ikiwa imekufa, umeshapata jibu.

Weka ufunguo kwenye ACC. Sasa waya wa pili unaamka, wa kijivu. Toa ufunguo, unalala. Rudia mara mbili tatu. Waya unaobaki na volti 12 baada ya kutoa ufunguo haufai kwa nyekundu, hata kama rangi inaita.

Washa taa ndogo. Wa kijani utapanda hadi volti 12, ukizima taa unashuka. Huo ni wa chungwa.

Ethi hupimwa kinyume. Ncha nyekundu ya mita ipeleke kwenye moto wa kudumu ulioupata, na ncha nyeusi iguse waya wa kahawia. Ukisoma volti zilezile za betri, ethi ipo. Ukisoma pungufu kwa volti nzima au zaidi, ethi ina kutu au imelegea mahali. Tafuta nati ya chuma karibu na funga ethi mpya hapo.

Sasa jaribu kitu kimoja kwa macho yako, kwa sababu kinaondoa ubishi wote wa rangi. Badili mita iwe ya kupima omu (ukinzani wa umeme), chomoa soketi fupi, na pima kati ya waya mweusi wa Toyota na chuma cha gari. Mita haitaonyesha kitu, njia imekatika. Halafu pima kati ya huo mweusi na wa njano ulio kwenye soketi hiyohiyo. Utasoma kitu kati ya 3 na 4. Hiyo ni koili ya spika ya mlango wa nyuma kushoto inayokujibu. Fundi anayebisha kwamba mweusi lazima uwe ethi mwonyeshe namba hiyo.

Hatua ya 4: tambua spika

Kila jozi sahihi ya spika itasoma omu 3 hadi 4 hivi kwa spika za kawaida za omu 4. Waya wa jozi moja ukipimwa na wa jozi nyingine hautasoma kitu, na usisome kitu pia kwa chuma cha gari. Ukisoma njia kati ya waya wa spika na chuma, kuna waya umechubuka, mara nyingi kwenye mpira wa bawaba ya mlango ambapo nyaya hujikunja kila mlango ukifunguliwa. Tengeneza hapo kwanza.

Kujua spika ipi ni ipi, chukua ile betri ya tochi. Gusisha ncha zake kwenye jozi kwa nusu sekunde. Utasikia mkwaruzo kwenye mlango husika. Kama unaweza kuiona spika yenyewe, tazama karatasi yake: ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya wa spika. Ikizama ndani, ni kinyume. Usishikilie betri hapo, gusa na uachie.

Kama mita haisomi omu za kawaida na spika hazikwaruzi kabisa, huenda gari lina amplifaya ya kiwandani iliyofichwa mahali pengine, na nyaya hizo zinakwenda kwake badala ya kwenda kwenye spika. Hapo unahitaji soketi ya kubadilishia ya aina hiyo ya mfumo, na waya wa bluu wenye mstari mweupe utakuwa na kazi ya kuiamsha.

Usiunganishe hasi za spika na ethi, wala hasi mbili pamoja. Kwenye magari ya zamani sana spika zilitumia chuma cha gari kama njia ya kurudi. Redio za sasa zinasukuma sauti kwa nyaya zote mbili. Redio ikiwa imewashwa kila mmoja una karibu volti 6 juu ya ethi. Ukigusa chuma, redio itajifunga yenyewe ikiwa na bahati. Isipokuwa nayo, upande huo wa amplifaya umekwisha.

Hatua ya 5: unganisha

Toa tena kichwa cha betri. Hapa ndipo watu wengi wanachoka kuwa waangalifu.

Fanya kazi yote mezani, kati ya waya wa redio na soketi ya kubadilishia, ukiwa umekaa. Chuna sentimita moja na nusu, vika mpira wa kusinyaa kwenye waya mmoja kabla ya kusokota, sokota, tia risasi, vuta uone kama inashika, kisha funika na upashe moto. Ukiwa na vibanio vizuri vya kubana kwa plaizi, navyo vinafaa sawa na risasi. Tepu pekee haitoshi. Joto la dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hulainisha gundi ya tepu, na baada ya miezi inateleza na kuacha maungo wazi. Viungo visikae sambamba vyote mahali pamoja. Pishanisha, kimoja mbele kidogo, kingine nyuma, ili fungu lisivimbe na hata kifuniko kimoja kikitoka kisiguse jirani.

Anza na ethi, kisha spika, kisha chungwa, nyekundu, na njano mwishoni. Waya usiotumika, kwa mfano wa handibreki, funika ncha yake peke yake. Usizikusanye ncha zilizobaki na kuzisokota pamoja. Nimeona fungu kama hilo, ndani yake kulikuwa na bluu yenye mstari mweupe na hasi mbili za spika.

Waya wa bluu wa antena usiupuuze. Toyota nyingi zina kikuza mawimbi cha antena kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye redio, na rangi ya waya wake kwenye soketi pana hutofautiana kati ya gari na gari. Ukipata FM yenye mikwaruzo mjini kabisa, karibu na mnara, waya huo ndio wa kwanza kuuangalia.

Hatua ya 6: jaribu kabla ya kufunga

Redio ikiwa bado inaning'inia, rudisha betri. Ufunguo nje: redio izimike kabisa. ACC: iwake. Hifadhi stesheni mbili, toa ufunguo, subiri dakika moja, rudisha. Stesheni zikiwepo, njano na nyekundu ziko mahali pake.

Kisha ingia kwenye mpangilio wa sauti, peleka sauti yote mbele kushoto, halafu mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Kila spika ijibu kwa zamu yake. Sauti ikitokea mahali pengine, jozi zimepishana, na kurekebisha sasa ni dakika tano; baada ya kufunga dashibodi ni nusu saa.

Sikiliza besi pia. Spika moja ikiwa chanya na hasi zimegeuzwa, haiungui na haikwaruzi. Besi inakuwa nyembamba tu, na sauti ya mwimbaji inaonekana kama haina mahali pa kukaa. Ukipeleka sauti upande mmoja besi inarudi. Wengi hukimbilia kununua sabufa kutibu ugonjwa huu, wakati dawa ni kugeuza nyaya mbili.

Redio ikikata ukipandisha sauti kisha ikarudi, shuku ethi dhaifu au moto wa kudumu ulioungwa kwenye waya mwembamba. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, hiyo ni sauti ya oltaneta (mashine inayochaji betri) inayopita kwenye ethi mbaya, au waya wa sauti wa amplifaya umelazwa sambamba na waya wa moto. Vipitishe pande tofauti za gari.

Magari yasiyo Toyota

Volkswagen, Peugeot na magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi za ISO, yaani za kiwango cha kimataifa, mbili zinazolala moja juu ya nyingine. Hapo nafasi ina uzito kuliko rangi: kwenye soketi ya umeme, nafasi ya 4 ni moto wa kudumu, ya 7 moto wa ufunguo, ya 8 ethi. Kwenye Volkswagen nyingi 4 na 7 zimebadilishana, ndiyo maana nyaya za ISO za redio huja na viungio viwili vya kuchomoa kwenye njano na nyekundu. Redio ikisahau stesheni kwenye Volkswagen Golf, vipishanishe hivyo viungio tu.

Magari ya Ulaya ya karibuni mengi hayana waya wa moto wa ufunguo nyuma ya redio. Redio inaamshwa kwa ujumbe wa kompyuta ya gari. Mita yako haitaupata ACC hata ukitafuta mchana kutwa. Nunua kiboksi cha kubadilishia cha gari hilo.

Coaster nyingi, Fuso na malori mengine ni ya volti 24. Rangi zinaweza kuwa zilezile, ila waya wa moto ukipima utasoma 24 au zaidi, na redio ya volti 12 haitavumilia. Kuna mafundi wanaochukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili zilizopangwa. Redio inawaka, lakini betri hiyo moja inanyonywa kila siku na mwenzake anajazwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zinakufa mapema. Funga kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12 chenye uwezo wa ampea 10 au zaidi, fyuzi ikae upande wa 24 karibu na chanzo cha umeme, na pima volti zinazotoka kabla ya kuchomeka redio.